Kabla ya Kuvaa Kofia, Zungumza na Mnara

Wakazi wa Kwachocha na Maweni wamezoea jambo ambalo mgeni hulishangaa. Ndege ndogo ya injini moja inatokea mbali, inashuka polepole ikiulenga uwanja wa ndege wa Malindi, magurudumu yanakaribia kugusa lami, halafu injini inanguruma na ndege inapanda tena. Baada ya muda inarudi, inafanya vilevile, inaondoka. Wapo wanaodhani ina hitilafu. Wapo wanaodhani ni tajiri anayechezea mafuta. Mara nyingi ni rubani aliyefunikwa macho makusudi, asiyeiona bahari wala mji wala njia anayoishukia, anayefuata mishale na tarakimu za ala zilizo mbele ya kiti chake. Anajifunza kushuka kana kwamba yumo ndani ya wingu.

Sisi wa chini huiona ndege tu. Tusichokisikia ni mazungumzo yanayokwenda na kurudi kati ya ndege hiyo na mnara wa kuongozea ndege, na kwa maoni yangu hayo ndiyo magumu kuliko yote. Mkono hufundishika. Mwanafunzi akirudia mara nyingi, ataweza kuishikilia ndege kwenye mwelekeo na mwinuko wake bila kuchungulia nje. Lakini kumweleza mwongoza ndege kwa sekunde chache wewe ni nani, uko wapi, unataka nini na utamaliza vipi, huku kichwa kimejaa hesabu na macho yameganda kwenye ala, ni kazi nyingine kabisa. Na wanaoharibu mazoezi haya huyaharibu zaidi kwa mdomo kuliko kwa mkono.

Tuanze na sababu ya kujisumbua hivyo. Ndani ya wingu mwili wa binadamu ni shahidi wa uongo. Sikio la ndani, linalotuambia lipi ni juu na lipi ni chini, huhisi mabadiliko lakini husahau upesi: ndege ikiinama taratibu na kubaki imeinama, baada ya muda sikio litaapa kwamba iko sawa. Rubani akiirekebisha, atahisi anaangukia upande wa pili, naye atairudisha kwenye kosa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa ala, wakawaweka katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wa kwanza alishindwa baada ya sekunde 20, wa mwisho alifika sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hizo hazitimii hata dakika tatu.

Mtu atauliza: Malindi kuna mawingu gani ya kutisha? Uwanja wetu uko futi 80 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Ukitazama bara, kilima cha kuhesabika ni Mangea kule Ganze, na ndege yoyote hukivuka. Ni kweli kwamba wakati wa masika, na siku nyingi za kusi, manyunyu hutoka baharini asubuhi na kuifunika pwani kuanzia Watamu hadi mdomo wa Sabaki, kisha jua likatoka kana kwamba hapakuwa na kitu. Lakini hatari kubwa ya rubani wa mwisho wa wiki haiko pwani. Iko kwenye safari ya kurudi. Wengi wa marubani binafsi wanaoshuka Malindi, Kilifi na Vipingo huondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Anayeondoka pwani Jumapili kwenye jua kali analazimika kupanda hadi nyanda za juu ambako, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu hutanda chini na kugusa vilima. Ana kazi Jumatatu, ana watoto wa shule kwenye kiti cha nyuma, na mbele yake ukuta mweupe.

Hata wanaolipwa kwa kazi hiyo hawasalimiki. Tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Cessna Caravan ya kampuni ya FlySax ikitoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na wote 10 waliokuwemo wakafa. Kwa hiyo mtu mwenye leseni ya binafsi na saa chache za kuruka anapoamua kutumia asubuhi moja ya Malindi, kwenye anga isiyo na msongamano wa Nairobi, kujizoeza kuamini ala kuliko masikio yake, anastahili kupongezwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, vinamtaka anayetafuta kibali cha kuruka kwa ala awe na saa 40 za kuruka kwa ala na saa 50 za safari za mbali akiwa yeye ndiye kiongozi wa ndege. Saa 40 si nyingi. Zinahitaji kutumika vizuri.

Zoezi lenyewe lina historia ya kupendeza. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel huko New York, rubani wa jeshi la Marekani Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefungiwa ndani ya turubai, haoni chochote ila ala. Ilikuwa mara ya kwanza duniani safari nzima kufanywa hivyo. Lakini hakuwa peke yake. Kiti cha mbele alikaa rubani mwingine, Benjamin Kelsey, ambaye mikono yake aliiweka nje waziwazi ili watu wa chini waone kwamba hagusi usukani. Kazi yake ilikuwa moja: kutazama nje, na kuingilia kati kama mambo yangeharibika.

Leo turubai limeondoka, pamekuja kofia yenye ukingo mrefu au miwani iliyozibwa sehemu ya juu. Kelsey bado yupo. Kanuni za anga za ICAO zinasema ndege isirushwe katika hali ya kuigiza kutoona isipokuwa ina usukani wa pande mbili unaofanya kazi, na kwenye kiti cha pili amekaa rubani mwenye sifa, anayeweza kuona vizuri mbele na pande zote mbili. Huyu tumwite rubani mwangalizi. Ndiye macho ya ndege nzima. Juu ya bahari ya Watamu ataona wingu kabla ya mwenzake kulihisi, ataona ndege nyingine, ataona kundi la ndege wenye manyoya likiinuka kutoka Mida. Na ndiye mara nyingi anayelisahau jambo la msingi: zoezi ni zoezi kwa walio ndani ya ndege tu. Mwongoza ndege hawezi kujua nani kavaa kofia na nani hakuvaa mpaka aambiwe.

Hapa ndipo penye mzizi wa matatizo yote. Kuna aina mbili za safari angani. Safari ya kwanza ni ile ya kanuni za kuona: rubani anaangalia nje, anayakwepa mawingu na ndege nyingine kwa macho yake. Ya pili ni safari ya kanuni za ala, ambayo rubani hukabidhi mpango wake kwa waongoza ndege, nao wanachukua jukumu la kumtenga na ndege nyingine za aina hiyo. Mazoezi mengi ya binafsi yanayofanywa siku ya jua yako katikati: ndege iko chini ya kanuni za kuona, lakini inafuata njia iliyochorwa kwa ajili ya wasioona. Inashuka kama wakubwa, ila ina haki za wadogo. Mwangalizi akisahau hilo, atadhani mnara unamlinda. Mwongoza ndege akisahau hilo, atadhani ndege ile inaweza kupita kwenye wingu lolote lililo mbele yake.

Chukua mfano. Rubani yuko kwenye mshuko wa mazoezi, kofia kichwani. Ameambiwa na mnara aendelee. Mbele yake, juu ya pwani, limeota wingu moja dogo, jeupe, la kupendeza, limekaa kwenye njia kabisa. Mshuko huo uliundwa ili ndege zipite ndani ya wingu la namna hiyo. Lakini ndege yake leo haina ruhusa hiyo. Katika anga inayodhibitiwa, chini ya futi 10,000, anayeruka kwa kanuni za kuona anatakiwa aone mbele angalau kilomita 5, na awe mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Kwa hiyo ruhusa ya mnara ya kuendelea na mshuko si ruhusa ya kuingia kwenye wingu. Mwangalizi anapaswa kusema ndani ya ndege, "vua kofia," kisha kwenye redio kwamba hawawezi kuendelea kwa sababu ya wingu, na kwamba wanakata kulia au kushoto. Wengi hujikaza. Wanaona aibu kuharibu mshuko mzuri kwa sababu ya kitu kidogo cheupe, nao wanapenya. Sekunde thelathini ndani ya wingu bila mtu yeyote duniani kujua kwamba wamo humo.

Basi ombi la kwanza kwenye redio ndilo linalobeba kila kitu. Kwenye redio hutumika Kiingereza, lakini maana yake tunaweza kuiweka kwa Kiswahili. Ombi zuri linakwenda hivi: "Mnara wa Malindi, hapa ni Cessna 172," likifuatiwa na herufi za usajili zinazoanza na 5Y ya Kenya, "juu ya Watamu, futi 2,000, kwa kanuni za kuona. Tunaomba mshuko wa ala wa mazoezi, tutaishia kupita chini bila kutua, kisha tunaomba kupanda kuelekea baharini na kurudi kwa mshuko wa pili. Rubani mwangalizi yupo." Maneno ni machache na hayaachi swali. Mwongoza ndege amejua aina ya ndege, na kwa hiyo mwendo wake. Amejua iko wapi. Amejua haiwezi kuingia mawinguni. Na amejua jambo ambalo wanafunzi hulisahau kuliko yote: itamaliza vipi.

Huo mwisho una uzito kuliko unavyoonekana. Ndege ikitua na kusimama, njia inakuwa na mtu mpaka atoke. Ikigusa lami na kuondoka, njia inakuwa huru upesi, lakini mbele ya njia kuna ndege inayopanda. Ikipita chini bila kutua, nayo inapanda, na swali ni upande gani. Kila mshuko wa ala una maelekezo yaliyochapishwa ya kufuata pale rubani anapoghairi kutua: panda hadi futi kadhaa, geuka upande fulani, nenda ukazunguke mahali fulani ukisubiri. Kwa aliye kwenye safari halisi ya ala, njia hiyo imewekwa tayari. Kwa anayefanya mazoezi kwa kanuni za kuona, si yake mpaka aiombe na apewe. Mwanafunzi aliyekariri kitabu ataifuata tu, kwa sababu ndivyo karatasi inavyosema, na kumbe mwongoza ndege alimtazamia aendelee mbele moja kwa moja.

Tena fikiria mwendo. Cessna 172 inayoshuka kwa maili 90 za baharini kwa saa inakula maili moja na nusu kila dakika. Kutoka maili 10 itachukua karibu dakika 7 kufika. Ndege ya abiria ya Jambojet aina ya Dash 8 ikitoka Nairobi, ikija kwa maili 150 kwa saa, umbali huohuo inaumaliza kwa dakika 4. Mwongoza ndege mwenye ndege hizi mbili kichwani anapiga hesabu ya dakika tatu za tofauti, na hesabu hiyo inasimama juu ya maneno ya rubani mdogo. Akisema yuko maili 10 kumbe yuko maili 13, kila kitu kinahama. Ndiyo maana jibu la mnara wakati mwingine huwa: zunguka hapo ulipo, au kata mshuko, au subiri abiria watue kwanza. Mwenye ndege ndogo asinune. Kusubiri nako ni zoezi, na zuri mno: mgeuko wa kawaida wa ala ni nyuzi 3 kwa sekunde, mzunguko mzima dakika 2, na duara la kusubiri lenye pande mbili za dakika moja moja linachukua dakika 4. Mara tatu za kuzunguka vizuri, upepo wa kusi ukikusukuma, zitakufundisha kuliko mishuko mitano ya moja kwa moja.

Nani azungumze kwenye redio, aliyevaa kofia au mwangalizi? Walimu hawakubaliani. Wapo wanaosema mwanafunzi aachwe ashughulike na ndege, redio ashike mwenzake. Mimi niko na wale wanaosema mwanafunzi azungumze mwenyewe, maana siku atakayokuwa peke yake ndani ya wingu halisi juu ya Machakos hatakuwa na katibu. Lakini liamuliwe chini, kabla injini haijawashwa. Kilicho kibaya ni wote wawili kudhani mwenzake atajibu, mnara ukaita mara mbili na kupata kimya, au wote wawili kujibu mambo tofauti.

Kujibu kwenyewe kuna sheria. Ruhusa ya kutua, kupaa au kuvuka njia, namba ya njia inayotumika, mwinuko, mwelekeo, mwendo, tarakimu za transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na shinikizo la hewa la kuwekea kipimo cha mwinuko, vyote hurudiwa neno kwa neno. Kusema "nimepokea" hakutoshi. Chukua shinikizo peke yake: kila hektopaskali moja ni karibu futi 30. Mwanafunzi akisikia 1015 mahali pa 1005 na asirudie, kipimo chake kitamdanganya kwa futi 300 hivi, na mwishoni mwa mshuko futi 300 ndiyo tofauti kati ya hewa na minazi. Akiirudia kwa sauti, mwongoza ndege ana nafasi ya kumkatiza na kumsahihisha.

Yeyote aliyepanda matatu ya Malindi kwenda Mombasa anaijua busara hii. Makanga akigonga bodi mara moja, dereva anasimama. Akigonga mara mbili, anaondoka. Hakuna anayetunga ishara mpya siku hiyo. Lugha ya redio ya anga iko hivyo, na kila kizuizi chake kimewekwa baada ya maafa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia moja na kuua watu 583, baada ya rubani wa moja kuanza kupaa akiamini ana ruhusa. Tangu hapo neno la kupaa haliruhusiwi kutajwa ovyo kwenye redio; hutamkwa pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa, kwingineko husemwa kuondoka.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani na adabu zetu. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Mtoto wa Malindi akiulizwa na mzee kama ameelewa, atasema ameelewa, kisha ataenda kumuuliza mwenzake pembeni. Angani hakuna pembeni. Sauti ya mnara ina mamlaka, inakwenda kasi, na mwanafunzi anajibu "sawa" kwa heshima huku hakushika kitu. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia iliishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck karibu na New York, watu 73 wakafa. Marubani wake walikuwa wameomba kupewa kipaumbele, lakini hawakutamka lile neno la dharura ambalo lingewafungulia njia. Waliomba kwa upole. Kwenye masafa ya redio, kusema "rudia" au "siwezi" si utovu wa adabu. Ni neno rasmi la kazi, na mwongoza ndege mzuri hulipenda kuliko "sawa" ya kubahatisha.

Kwa nini Kiingereza, iwapo rubani na mwongoza ndege wote wanakijua Kiswahili? Kwa sababu hawako wawili. Masafa hayo wanayasikiliza rubani wa Kiitaliano anayetoka Manda, rubani wa ndege ya mizigo na mwanafunzi mwingine aliye kusini ya Kilifi. Kila mmoja anachora kichwani ramani ya nani yuko wapi kutokana na maongezi ya wengine. Wawili wakihamia lugha yao, wa tatu anapofuka. Hata saa zinazotumika si za hapa: anga hufuata saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Ikisemwa saa 6 kwenye redio, ukutani Malindi ni tisa asubuhi, na kwa Mswahili ni saa tatu. Mwanafunzi wa hapa anatembea na saa za aina tatu kichwani, na mpango wa safari ulioandikwa kwa saa isiyo yake unaweza kuufanya mnara uanze kumtafuta kabla hajapaa.

Mambo yanabadilika ukitoka Malindi kuelekea kusini. Viwanja vidogo vya Kilifi na Vipingo havina mnara. Hapo rubani anazungumza na hewa: anatangaza alipo na anachotaka kufanya, akitumaini kwamba yeyote aliye karibu anasikiliza masafa hayohayo. Mazoezi ya kofia mahali kama hapo yanahitaji mwangalizi mwenye macho makali mara mbili, kwa sababu hakuna anayelazimika kumjibu. Wakati fulani pwani yote ilikuwa hivyo. Denys Finch Hatton, yule Mwingereza mwindaji anayekumbukwa sana kwa vitabu walivyoandika wengine, alikuwa na nyumba Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi, na alikuwa akija na ndege yake ndogo ya Gipsy Moth isiyo na redio. Mei 1931 aliruka kutoka pwani hadi Voi, na tarehe 14 mwezi huo, mara tu baada ya kupaa kutoka Voi, ndege yake ilianguka ikawaka moto, akafa yeye na mtumishi wake. Hakuna aliyejua alikuwa akikabiliana na nini katika dakika hizo za mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku hizi wa kumwambia wapo, na bado ajali hutokea. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi karibu na Wilson, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imepaa na watu 44 kuelekea Diani, pwani yetu hii. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Halafu tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka hapa Kwachocha, kando ya barabara kuu ya Malindi na Mombasa, ikaua watu watatu waliokuwa chini kwenye shughuli zao. Siziweki ajali hizi mbili kwenye kapu moja la sababu. Kila moja ina wachunguzi wake. Nazitaja kwa kuwa zinaonyesha jinsi mafunzo ya anga yalivyokaribiana na maisha ya watu wengine: abiria wa Diani, mwenye bodaboda wa Kwachocha. Uwanja wa Malindi umezungukwa na mji, na mji unakua.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema mazoezi yahamishwe yote yakafanywe mbali, porini. Rubani asiyezoea kuzungumza na mnara wenye shughuli atakuwa hatari zaidi siku atakapolazimika kuingia Mombasa, kwenye mfumo wa kushukia kwa ala uitwao ILS, nyuma ya ndege kubwa ya watalii na mbele ya nyingine. Afadhali ajifunzie Malindi, ambako anga haijasongamana, lakini ajifunze kwa utaratibu: asubuhi kabla joto halijainua mawingu juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na nje ya saa za ndege za abiria.

Kwa hiyo, ndugu rubani unayeshuka pwani mwisho wa wiki hii, piga simu mnarani kabla hujatoka kwenye maegesho. Sema unataka mishuko mingapi, ya aina gani, na kila mmoja utauishia vipi. Uliza ndege za abiria zinakuja saa ngapi. Patana na mwenzako nani atashika redio na neno gani litamaanisha vua kofia. Mwongoza ndege akikuambia leo haiwezekani, mshukuru, ufunge ndege yako, urudi kesho asubuhi.